Saanane au Rubondo?

Ukiwa na nusu siku tu, nenda Saanane, kisiwa kilichomo Ziwa Victoria. Boti kutoka mjini Mwanza haichukui hata nusu saa, na ukishuka unakutana na pimbi wakiota jua juu ya mawe. Kisiwa kina jina la mzee Saanane Chawandi, aliyeishi hapo kabla ya Serikali kukifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Hifadhi ya Taifa kimekuwa mwaka 2013. Njia zake ni fupi, watoto wanazimudu.

Rubondo, kisiwa kingine cha hifadhi katika ziwa hilohilo, ni habari nyingine. Ni safari ya kwenda upande wa Geita, kisha boti tena, na ulale huko. Lakini msitu wake! Sehemu kubwa ya kisiwa ni miti mizito, nzohe (swala wa majimaji) wanajificha kwenye matete, furukombe (tai wala samaki) wanalia asubuhi. Sokwe waliachiwa huru humo kati ya 1966 na 1969, wengi wao wakitoka vizimbani Ulaya. Mpaka leo vizazi vyao vinajitafutia chakula wenyewe. Mimi hilo hunigusa kila nikilikumbuka. Kutembea Rubondo lazima uwe na askari wa hifadhi, maana kuna tembo na viboko.

Mwenye fedha na siku tatu asisite: Rubondo.