Begi la kulalia lililonivusha Elena

Nimelala Elena mara mbili. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili kiongozi wetu aligonga mbao za kitanda saa nane usiku mpaka akachoka: "Dada, amka, barafu inatungoja!" Mlima ni uleule na kibanda ni kilekile. Kilichobadilika ni begi la kulalia.

Kwa asiyepajua, Elena ndicho kibanda cha mwisho kwa wanaopanda Rwenzori kupitia Nyakalengija kuelekea kilele cha Margherita. Kiko mita 4,541, na kilele ni mita 5,109. Sisi wa Kampala tukisikia ikweta tunawaza jua tu. Mimi nasikia baridi hata Kabale, mji wa milimani, kwa hiyo nilipaswa kujua.

Safari ya kwanza nilikodi begi la manyoya ya bata kwa kampuni iliyotupeleka. Kwenye mfuko wake palichapwa -15 kwa maandishi makubwa, nikaridhika. Usiku wa Elena baridi ilikuwa imepita sifuri kidogo tu, maji ya chupa yakaota ganda jembamba la barafu, nami nikatetemeka hadi alfajiri nikiwa nimevaa kila kitu nilichokuwa nacho. Asubuhi, nikihangaika na zipu iliyouma kitambaa cha ndani, ndipo nikaiona lebo ndogo imeshonwa pembeni. Ilikuwa na namba tatu: 5, 0 na -15.

Namba hizo hutokana na kipimo cha kimataifa cha ISO 23537, na watengenezaji wengi hukifuata. Ya kwanza ni baridi ambayo mwanamke wa kawaida analala kwa raha. Ya pili ni mpaka wa mwanamume aliyejikunyata. Ya tatu si ya kulala kabisa: ni ya kutokufa, na hata hapo baridi inaweza kukudhuru. Ile ya kutokufa ndiyo ilichapwa kubwa nje. Sasa mimi natazama ya kwanza tu, hizo nyingine wabaki nazo wao.

Lakini namba haikuwa na hatia peke yake. Rwenzori ni mlima wa maji. Unavaa gambuti, unazama kwenye tope la Bigo, mvua inakunyeshea Bujuku, na hakuna kitu kinachokauka. Manyoya ya bata hupasha joto kwa sababu yanafura na kushika hewa ndani, yakilowa yanalala. Lile begi lilikuwa limekula unyevu siku nne. Nililiinua mbele ya tochi ya kichwani nikaona manyoya yamejikusanya kwenye kona za vyumba vyake kama kuku aliyenyeshewa, na kwingine ni vitambaa viwili vimegusana, mwanga unapita. Kwenye mlima mkavu manyoya ni bora, mepesi na yanakunjika kidogo. Huku kwetu, mimi siyabebi tena.

La pili nilinunua mtumba pale Owino, soko la Kampala. Ni la nyuzi za poliesta, na lebo yake inasema -6, -13, -31. Muuzaji alianza na shilingi 250,000 za Uganda. "Mama, hili la wazungu, hata ukilala ndani ya friji!" Nikavua viatu nikaingia ndani palepale kwenye njia ya watu, wapita njia wakicheka, nikavuta kofia yake nikabakiza pua. Nilitaka kujua kama miguu inafika mwisho bila kubana, kama shingoni kuna ukosi wa kuzuia hewa isitoroke, na kama nyuma ya zipu kuna mkunjo mnene wa kuziba upepo. Zipu niliifungua na kuifunga mara kumi. Nikalinusa pia, maana begi lenye kuvu halina dawa. Tulikubaliana 160,000.

Lina kasoro. Lina kilo 2.2 na linajaza nusu ya mkoba, mpagazi wangu alilitazama kisha akanitazama mimi. Zipu iko upande nisioupenda. Ila Elena lililowa miguuni, kwa kuwa liligusa ukuta, na bado nilikuwa na joto. Poliesta ikilowa haianguki yote.

Begi peke yake lisingetosha. Upande unaoulalia umeminywa na uzito wako, hauna hewa, kwa hiyo baridi ya chini inazuiwa na godoro. Niliweka mkeka wa povu juu ya godoro la kibandani. Kiongozi alinishauri nijaze chupa maji ya moto, niivishe soksi, niiweke katikati ya mapaja. Akanikataza kuingiza pumzi ndani ya begi, kwani mvuke wake ndio unyevu wa kesho. Na haja ndogo uimalize kabla ya kulala. Kutoka nje saa saba usiku kwenye mawe yenye barafu ni adhabu ambayo sikutakii.

Nyumbani halikai kwenye mfuko wake wa kubana, maana nyuzi zikibanwa miezi zinasinyaa. Linaning'inia kabatini kama koti. Shemeji ameniomba aende nalo mlima Elgon, na kwenye mkataba wetu neno la kwanza ni ning'iniza.