Uzoefu wangu na Clang 20: pointa ya pointa imepata hadhi yake

Nimeandika programu za C kwa kutumia Clang, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine), kwa miaka kadhaa, na kwa muda wote huo jambo moja lilinikera. Katika uchambuzi wa aliasi, yaani pale kompaila inapoamua kama pointa mbili (vigezo vinavyohifadhi anwani za kumbukumbu) zinaweza kugusa sehemu moja ya kumbukumbu, `int *`, `double **` na hata `char *` zilitiwa kapu moja. Kompaila ilijua vyema kwamba `int` si `double`, lakini ilipofika kwenye pointa zenyewe iliziona zote kuwa za aina moja.

Hasara yake niliiona kwenye programu yangu ya majedwali, ambayo ina muundo wenye sehemu iitwayo `safu`, ya aina `double **`, na kitanzi kinachojaza `j->safu[i]`. Kinachoandikwa pale ni `double *`, ilhali `j->safu` ni pointa ya ngazi ya pili, yaani pointa ya pointa, hivyo uandishi huo hauwezi kuibadilisha bila kuvunja kanuni za C. Hata hivyo, matoleo ya awali yaliisoma upya katika kila mzunguko, kama mtu anayerudi nyumbani kila baada ya hatua kumi kuhakikisha kwamba amefunga mlango.

Toleo la 20, lililotoka Machi 2025, huipa kila pointa alama inayotaja aina ya kitu inachoelekea pamoja na idadi ya ngazi zake, na hufanya hivyo bila kuombwa. Nilipoikagua asembli, yaani maagizo ya mashine yaliyotolewa na kompaila, nilikuta usomaji ule umehamishiwa nje ya kitanzi. Pointa za `void` zimeachwa na ulegevu wao wa zamani, uamuzi ninaouafiki, kwa kuwa mitindo mingi iliyozoeleka ya C ingevunjika. Penye pointa za ngazi moja tu, sikuona tofauti ya maana.

Upande wa pili ulinigharimu jioni nzima. Nilikuwa na funksheni ya kubadilishana vipengele iliyopokea `char **` kwa pointa za aina yoyote, kwa imani yangu potofu kwamba ruhusa ya `char` kugusa kila kitu inaihusu pia `char *`. Haiihusu. Kwa `-O2`, chaguo la kuboresha kasi ya programu, orodha ilianza kupangwa vibaya bila onyo lolote, na ilitulia nilipoweka `-fno-pointer-tbaa`, chaguo linalozima alama hizo mpya za pointa. Kosa lilikuwa langu, ingawa ningependa kompaila iseme neno kabla ya kuniadhibu. Chaguo jipya la `-fsanitize=type`, linalokagua ukiukaji wa kanuni za aina programu inapoendeshwa, ndilo lililonionyesha mstari wenyewe, nami nikauandika upya kwa `memcpy`, funksheni ya kunakili baiti.

Programu ya majedwali sasa inatumia mpangilio mpya. Ile nyingine ya zamani, iliyojaa ugeuzaji wa aina ambao sikuuandika mimi, nimeiacha na `-fno-pointer-tbaa` hadi nitakapoipitia faili moja baada ya jingine.