Miaka miwili na Robot Framework, na ile asubuhi niliyojifutia majibu

Kabla sijasifu wala kulaumu, nikwambie kwanza kazi yangu, maana zana husifiwa na aliyeishika. Mie ni mpimaji wa programu. Wenzangu wanaunda, mie nazitafutia pa kuvunjikia. Ofisi yetu ni chumba kimoja ghorofani Michenzani, meza nne, feni moja na UPS (betri ya akiba ya kompyuta) kuukuu inayolia kama kifaranga umeme ukikatika. Mwaka wa pili huu tunashughulikia mfumo wa kukata tiketi za boti baina ya Unguja na Pemba.

Zamani, kila programu ikiguswa, nilikaa na daftari. Fungua ukurasa, chagua Mkoani, bandari ya Pemba, chagua mkaazi, tazama nauli, tia tiki. Kisha hayo hayo kwa mgeni, kwa mtoto, kwa safari ya kurudi. Kutwa nzima. Ikifika alasiri macho yashachoka na tiki zinajitia wenyewe.

Robot Framework ndiyo iliyonitoa kwenye daftari. Ni zana ya kupimia programu bila ya mkono wa mtu, ya bure na msimbo wake uko wazi, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Mawazo yake ya mwanzo yalikuwemo katika tasnifu ya uzamili ya Pekka Klärck, mwaka 2005, ikaundwa ndani ya Nokia Networks, na mwaka 2008 ikatolewa kwa kila mtu. Unaiandikia hatua, yenyewe inaziendesha. Kwa kurasa za mtandao nimeipachikia SeleniumLibrary, ambayo ndiyo inayofungua brauza na kubofya.

Kilichoniteka ni kwamba amri zako unazipa majina kwa lugha unayotaka. Jaribio langu mojawapo linasomeka hivi:

Kata Tiketi    Mkoani    mkaazi
Tiketi Ioneshe Saa    1 asubuhi

Mistari miwili hiyo ina kisa. Kijana aliyeandika sehemu ya kuchapisha tiketi alichukua 07:00 akaiandika "saa 7". Kwenye kompyuta hakuna kosa. Kwa bibi anayerudi kwao Chake Chake, Pemba, saa 7 ni baada ya adhuhuri. Angefika bandarini na mizigo yake akakuta boti ishatia nanga Mkoani zamani. Tangu hapo jaribio hilo linaendeshwa kila usiku, na mara mbili limeshamkamata tena.

La pili ni anwani. Abiria akiandika kwamba anakaa Ng'ambo, ile alama ya ng' iliivuruga hifadhidata na ukurasa ukawa mweupe. Nusu ya mji inakaa Ng'ambo! Mpimaji wa nje asingewazia kujaribu neno hilo.

Lakini kuendesha majaribio hata zana nyengine zinaweza. Nyota zangu naipa Robot kwa namna inavyokusanya majibu. Ikimaliza inakuachia faili tatu. Output.xml ni ya mashine, humo kila kitu kimo. Report.html ni ya bosi: ukurasa unakuwa kijani kila kitu kikipita, jaribio moja tu likianguka unakuwa mwekundu. Log.html ndiyo yangu. Nabofya jaribio lililoanguka, linafunguka hatua kwa hatua, kila hatua na muda wake, na pale lilipokwama pana picha ya skrini, maana SeleniumLibrary inapiga picha yenyewe hatua yake ikishindwa. Bosi wetu ni mhasibu, kompyuta anaijua kwa Excel tu, lakini ripoti anaisoma. Asubuhi akiingia hasalimii vizuri mpaka aulize, "Leo kijani?"

Picha hizo zilinitia aibu siku moja. Nilimpelekea mteja log.html kwa barua pepe, akanijibu kwamba anaona visanduku vitupu. Kumbe picha zinakaa faili mbali, hazimo ndani ya logi. Dawa yake ni kuiwekea SeleniumLibrary mpangilio wa screenshot_root_directory=EMBED, picha zikaingia humo humo. Sikuisoma mapema, na kosa ni langu.

Kosa kubwa zaidi ni hili. Tuna majaribio 140, yanachukua kama dakika 50. Usiku mmoja yalianguka tisa. Asubuhi nikaendesha hayo tisa peke yake kwa --rerunfailed output.xml, nikijiona fundi. Yakapita saba. Nikafungua ripoti kumuonesha bosi: majaribio tisa tu. Mia na thelathini na moja hayapo! Robot, usipoiambia vyengine, inaandika matokeo mapya juu ya ya zamani, kwa jina lile lile, bila ya kuuliza. Nilikaa nikatazama feni. Siku hizi marudio nayapa jina lake, --output marudio.xml, kisha naunganisha kwa rebot, programu ndogo inayokuja pamoja na Robot: rebot --merge output.xml marudio.xml. Inatoka ripoti moja yenye majaribio yote 140, na yale yaliyorudiwa yanaonesha kwamba yalianguka kwanza kisha yakapita. Hilo la mwisho nalipenda mno, kwa sababu jaribio linaloanguka usiku na kupita asubuhi lina jambo linaficha.

Na umeme je? Mashine ikizimika ghafla katikati ya kazi, output.xml inabaki imekatika, haina mwisho, na rebot inaikataa. Ila ukibonyeza Ctrl+C mara moja tu, Robot inasimama kwa adabu: yaliyokwisha yanabaki na majibu yake, ambayo hayajaendeshwa yanahesabiwa yameanguka, na faili zote tatu zinaandikwa. Ukibonyeza mara ya pili unaikata kichwa, hupati kitu. Kwa hiyo UPS ikianza kulia, nabonyeza mara moja naondoa mkono. Umeme ukirudi, --rerunfailed inaendesha yaliyobaki, na --merge inamaliza kazi. Sijui kama walioiunda waliwahi kufikiria UPS yetu, lakini imetufaa.

Sasa lawama. Ile nafasi tupu (space) baina ya amri na thamani lazima iwe mbili au zaidi. Ukiweka moja, Robot inadhani yote ni jina la amri moja, inakwambia amri hiyo haipo, na wewe unaiona kwa macho yako hiyo hapo. Mwanafunzi wa mazoezi alipoteza asubuhi nzima hapo, mpaka nikamwambia aweke nne kila mahali. Pia logi inanenepa. Ukiwa na majaribio mengi brauza inaanza kuguna, ijapokuwa --splitlog, inayoigawa logi vipande, inasaidia. Na ukitaka mantiki nzito, vitanzi ndani ya vitanzi, andika kwa Python uiite kutoka Robot. Ukilazimisha kwenye faili ya majaribio utajuta.

Vichwa vya sehemu za faili, kama *** Test Cases ***, ni vya Kiingereza, ila tangu toleo la 6.0 unaweza kuipa faili ya lugha yako. Mie sijafika huko. Amri zangu za Kiswahili zinanitosha.

Namba ambayo Robot inaiacha ikimaliza (exit code) nayo ina faida: inarudisha idadi ya majaribio yaliyoanguka, mpaka 250. Hati yangu ndogo ya amri (script) inayoiwasha Robot saa 8 usiku inasoma namba hiyo, ikiwa si sifuri inanitumia ujumbe. Ndiyo maana simu yangu ya usiku naifungia sauti.

Kuisakinisha ni pip install robotframework robotframework-seleniumlibrary, basi. Ukikwama, hesabu kwanza nafasi zako, halafu ndiyo unipigie.