Kamera za nje Kigamboni: paipu kabla ya plasta ndo imeniokoa

Nimejenga Kigamboni na kamera nilizifikiria mapema, nyumba imeshapauliwa ila plasta bado, nikamwambia fundi umeme akiwa anakata ukuta kwa ajili ya swichi na soketi akate kabisa na njia za kamera, kona nne za nyumba na moja ya getini. Akataka alaze waya mtupu plasta ipite juu yake, eti paipu ni kupoteza hela, nikakataa kabisa. Kila kamera ikapata paipu yake ya milimita 25 inayotokea darini mpaka kwenye boksi la duara ukutani, ndani yake tukaacha kamba ya manila ya kuvutia waya. Kabla hawajapiga plasta nikapiga picha kuta zote na futi kamba ikiwa imeshikizwa pembeni, hizo picha mpaka leo nazifungua kila nikitaka kutoboa ukuta.

Sasa balaa likaja kwa waliokuja kufunga. Walileta kamera nzuri tu za 4MP (megapikseli nne), rekoda na waya wa Cat6, ule wa mtandao wenye nyuzi nane ndani, nyuzi nne zinabeba picha na nne zilizobaki wakapitisha umeme wa volti 12. Mchana picha safi, bodaboda akisimama getini namba unaisoma, ila giza likiingia ile ya getini inazima, inawaka, inazima tena. Wakabadilisha kamera, yaleyale. Nikachukua kipande cha waya kilichobaki nikakwangua na wembe, juu rangi ya shaba, ndani nyeupeee, yaani aluminiamu imepakwa shaba! Usiku kamera ikiwasha taa zake za infraredi, zile za kuonea gizani, inakula umeme zaidi, na aluminiamu inapoteza umeme mwingi njiani kuliko shaba, na kutoka ndani mpaka getini ni kama mita 40, kwa hiyo unaofika hautoshi. Iliniuma sana maana nililipia waya wa shaba.

Kama ungekuwa umezikwa kwenye plasta ningebomoa ukuta ulioshapakwa rangi. Tulichofanya tukafunga waya mpya wa shaba tupu kwenye mkia wa ule wa zamani, mmoja anavuta mwingine anasukuma, nusu saa kazi imeisha. Nikanunua na swichi ya PoE, kifaa cha mtandao kinachopitisha picha na umeme kwenye waya mmoja, inayotoa volti 48 na toka siku hiyo haijazima.

Boksi nalo usikubali waliruke. Kamera moja waliacha plagi inaning'inia nje, masika ya kwanza tu maji yakaingia na pini zikaota kutu ya kijani. Skrubu wekeni za stenlesi maana huku upepo wa bahari una chumvi, za kawaida zimeshachuruzisha kutu kwenye ukuta mweupe. Urefu mi nimeweka mita 2.8, ukipandisha sana utaona kofia za watu tu, na ile ya barazani ilibidi niishushe kidogo kwa sababu usiku mwanga wake ulikuwa unagonga dari jeupe picha yote inakuwa ukungu.

Ninachojutia ni kutoweka paipu za akiba, upande wa tenki la maji na nyuma kwenye banda la kuku. Huko hamna njia, na waya wa kupita juu juu ya ukuta sitaki.