Sola ya juu ya paa: aina nne, kuanzia ya kununua kwanza

Kabla ya kulinganisha paneli, kagua paa lenyewe. Paneli nzuri huja na dhamana ya miaka 25 ya uzalishaji wa umeme. Bati lililobakiza miaka 8 litakulazimisha kushusha kila kitu, kuezeka upya na kumlipa fundi mara ya pili, kwa hiyo paa chakavu libadilishwe kwanza. Paneli na reli zake (vyuma virefu vinavyozishikilia) huongeza takribani kilo 12 hadi 15 kwa kila mita ya mraba. Kenchi zilizoliwa na mchwa hazifai kubeba mzigo huo.

1. Paneli juu ya reli

Nyumba nyingi hazihitaji zaidi ya hii. Paneli 10 za wati 450 hufikisha kilowati 4.5 na huchukua kama mita 20 za mraba. Ubora wake mkubwa ni hewa inayopita chini. Paneli hupoteza asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi 1 ya joto juu ya 25, hivyo ikifika nyuzi 65 imeshapoteza asilimia 12 hadi 16. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati yake na bati. Moja ikivunjika, unalegeza klampu (kibano chake) na kuibadilisha bila kugusa paa.

Kinachoharibu kazi hii ni matundu. Skrubu ipite kwenye mgongo wa bati, iingie kwenye mbao iliyo chini, na iwe na washa ya raba. Ikipita bondeni, mahali maji yanapotiririka, paa litavuja mapema. Ikishika bati tupu, upepo mkali utaondoka na paneli. Karibu na bahari, dai reli za alumini na skrubu za chuma cha pua. Na fundi anayetoboa fremu ya paneli apate pa kuishikiza, msimamishe hapo hapo, kwa sababu dhamana inaweza kufa.

2. Klampu kwenye bati la mikunjo iliyosimama

Hili ni bati ambalo vipande vyake huungwa kwa mikunjo iliyoinuka wima. Kama tayari una paa la namna hii, chagua hii kuliko namba 1: klampu hubana mkunjo, hakuna tundu hata moja. Tumeishusha kwa kuwa si sababu ya kutosha ya kuezeka upya paa zima. Klampu ilingane na umbo la mkunjo wako.

3. Sola ya utando, ya kubandika

Ni nyepesi sana, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kuinunua: kenchi zisizoweza kubeba vioo. Hukaa moto kwa kulala juu ya bati, hutoa wati chache kwa eneo lile lile, na gundi ikiachia maji huingia chini yake.

4. Vigae vya sola

Vinapendeza, hilo hatulikatai. Lakini kigae kimoja hutoa makumi ya wati tu. Ukichukua vya wati 60, kilowati 4.5 zinahitaji vigae 75, kila kimoja na maungio yake ya waya, yamefichwa mahali pasipofikika kirahisi. Ungio moja likilegea, kulitafuta ni kufumua paa. Fikiria vigae ikiwa tu unajenga upya na ungenunua vigae vya gharama hata hivyo.

Kwa aina yoyote, angalia kivuli cha tangi, mti na antena asubuhi na jioni. Kivuli kwenye seli chache (vile vipande vidogo vinavyounda paneli) kinaweza kuzima theluthi ya paneli. Usikubali konekta (plagi za kuungia waya za paneli) za watengenezaji tofauti ziunganishwe pamoja: hazishikani sawasawa, hupata moto na zinaweza kuwasha paa.

Mwisho, jumlisha volti. Paneli 10 za volti 41 zikiungwa mfululizo ni volti 410, na baridi ya alfajiri huzipandisha. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa matumizi ya nyumbani, ikiwa na kikomo cha volti 500 ina nafasi. Ya 425 inaweza kuungua.