Kuripoti hatari za uwanja wa watoto kupitia 311: uzoefu wangu

Naishi kwenye jiji moja la katikati ya Marekani, mtaa wenye familia nyingi za Waswahili: Wakongo ndio wengi, halafu Warundi, Wakenya na sisi Watanzania wachache. Bustani ya jiji iko nyuma ya maghorofa yetu, na jioni za kiangazi watoto wote huishia hapo. Kwa misimu kadhaa sasa nimekuwa nikiitumia huduma ya 311 kwa ajili ya uwanja huo. Naandika kwa sababu wazazi wengi ninaozungumza nao hawajui kwamba kuna mahali pa kupeleka malalamiko ya bembea iliyokatika, na wengine wanadhani 311 ni ya kuulizia siku ya takataka tu.

Kwa asiyeifahamu, hii ni namba ya kupigia jiji kwa jambo lisilo la dharura. Ilianzia Baltimore mwaka 1996, ili watu waache kupiga 911, namba ya dharura, kwa mambo madogo. Baadaye Chicago, New York na majiji mengine yakaiga. Siku hizi majiji mengi yana programu ya simu pia: unapiga picha, unaweka alama kwenye ramani, unatuma, unapewa namba ya ombi. Namba hiyo itunze kama risiti ya benki.

Shida yetu ilikuwa bembea. Kulabu inayoshika mnyororo na kiti ilikuwa imelika hadi ikaachia mdomo. Chini yake, vile vipande vya mbao vya kupunguza mshtuko vilikuwa vimechimbuliwa na miguu ya watoto, umebaki udongo mgumu. Pembeni zege la nguzo lilikuwa limechomoza juu. Mama mmoja jirani yangu, Mkongo, alikuwa ameshapiga simu kabla yangu na kusema uwanja ni mbovu, watoto wataumia. Alikuwa sahihi kabisa. Ombi lake lilifungwa bila kitu kubadilika, akakata tamaa.

Mimi nilikwenda na futi ya fundi. Tume ya serikali kuu inayoshughulikia usalama wa bidhaa, CPSC, ina mwongozo wa viwanja vya umma ambao ulitoka mara ya kwanza mwaka 1981, na unasomwa bure kwenye tovuti yao. Ndani yake kuna vipimo ambavyo mzazi yeyote anaweza kuvikagua. Vipande vya mbao visipungue kina cha inchi 9, yaani sentimita 23 hivi. Udongo uliokauka na majani havihesabiki kuwa kinga ya mtoto anayeanguka. Uwazi wa zaidi ya inchi 3.5 na chini ya inchi 9 unaweza kupitisha mwili wa mtoto mdogo na kukinasa kichwa, kwa hiyo ukiona ubao wa kizuizi umeng'oka kwenye ngazi, pima. Kulabu ya bembea isiwe na mwanya unaozidi milimita moja, kwa sababu inaweza kukamata kamba ya kofia ya koti. Mwongozo huo si sheria ya nchi nzima, ingawa baadhi ya majimbo yameuingiza kwenye sheria zao, lakini watu wa bustani wanaujua, na ukitaja kipimo wanajua wanaongea na mtu aliyefika na kuangalia.

Basi nikaandika: bembea ya pili kutoka lango la mashariki, kulabu ya kushoto iko wazi, picha hii hapa na futi imeonekana. Nikatuma. Kisha nikafungua ombi lingine kwa ajili ya vipande vya mbao, na lingine kwa ajili ya zege. Kugawa hivi ndiko kulikofanya kazi. Ukirundika hatari zote kwenye ombi moja, fundi akija akatengeneza moja, ombi lote linafungwa na zilizobaki zinapotea.

Baada ya siku chache wakaja, wakakiondoa kiti cha bembea na minyororo yake yote. Hapo ndipo maneno yalipoanza mtaani. Wazazi wenzangu waliniuliza nimewaletea nini watoto, mbona sasa hawana bembea kabisa. Nawaelewa, mtoto analia na wewe ndiye wa kumbembeleza. Lakini nasema wazi, kukiondoa kifaa kibovu mara moja ndilo jambo bora ambalo jiji lilitufanyia. Nchini Marekani watoto zaidi ya 200,000 kila mwaka hutibiwa kwenye vyumba vya dharura kwa majeraha ya viwanja vya michezo, na wengi wao walianguka. Kiti kipya kilichelewa, kikaja wiki nyingi baadaye, na kilipofika kilifungwa vizuri.

Kwenye vipande vya mbao ndipo huduma iliponiudhi. Hali ya ombi ilibadilika ikawa "limefungwa", nikashuka kuangalia, udongo ule ule. Nilipopiga nikaelezwa kwamba 311 hufunga ombi linapokabidhiwa kwa idara inayohusika, au mkaguzi anapopita, hata kama kazi yenyewe imepangiwa siku nyingine. Hilo si haki kwa mwananchi. Anayesoma neno hilo anaamini kazi imeisha na anawaruhusu watoto warudi. Kwenye programu ya jiji letu ombi lililofungwa halifunguliki tena, hivyo nilituma jipya nikaitaja namba ya lile la kwanza na kuweka picha ya siku hiyo. Lori la vipande vya mbao likaja kabla ya shule kufunguliwa.

Kuhusu lugha, msiogope. Ukipiga, sema "Swahili" tu, subiri, wataunganisha mkalimani. New York wanasema 311 yao inahudumia kwa lugha zaidi ya 175. Yule mama jirani yangu alirudi akapiga kwa njia hiyo, safari hii kwa ajili ya bolti iliyochomoza kwenye mtelezo, akaeleza mwenyewe kila kitu kwa Kiswahili chake cha Bukavu na akapata namba yake. Majiji mengi pia yanapokea ripoti bila jina lako, kwa hiyo anayesita kwa sababu ya karatasi zake za uhamiaji aulize hilo mwanzoni kabisa.

Mambo ambayo 311 haiyawezi: uwanja ulio ndani ya shule ni wa uongozi wa shule, na ule wa ndani ya geti la maghorofa ni wa mwenye nyumba, hao uwaandikie barua na ubaki na nakala. Miji midogo mingi haina 311, tafuta simu ya idara ya bustani. Kama kifaa chenyewe kimeundwa vibaya, si kwamba kimechakaa, ripoti kwenye SaferProducts.gov, tovuti ya CPSC ambayo ipo tangu mwaka 2011. Na mtoto akiwa ameshanasa au ameumia, hiyo ni 911 moja kwa moja.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya lile neno "limefungwa", na nitairudisha siku watakapoanza kutuonyesha picha ya kazi iliyokwisha. Kwa sasa nina ombi moja lililo wazi, la kivuli juu ya mtelezo wa chuma ambao mchana wa Julai unaunguza mapaja ya watoto. Wenye watoto kwenye bustani hiyo hiyo, tumeni na ninyi la kwenu.