Keria za pikipiki ya mzigo: ipi ununue, ipi umwachie muuzaji

Kila msimu wa mavuno ukifika hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, wenzangu wa sokoni huja na lalamiko lilelile. Pikipiki ni mpya, keria ni mpya, mzigo ni wa kawaida, lakini usukani umekuwa mwepesi mno mikononi mwa dereva. Akikata kona pikipiki haitii. Akipanda kilima gurudumu la mbele linanyanyuka. Juzi mama mmoja anayeleta mukene, yaani dagaa, kutoka Majanji kanionyesha picha ya magunia yake yaliyotapakaa kando ya lami, na dereva kakaa chini goti limechunika. Pale sokoni lawama zote zilimwendea dereva, kisha tairi, kisha barabara. Mimi picha za namna hiyo huziangalia kwa jambo moja tu: mzigo umekaa wapi, ukilinganisha na ekseli ya gurudumu la nyuma. Karibu kila mara umekaa nyuma yake.

Basi mwongozo huu sitauanza na rangi, wala na kilo ngapi keria inabeba. Hayo muuzaji atakueleza mpaka uchoke. Naanza na lile ambalo sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja bila kuulizwa.

Tengeneza timazi. Uzi na nati moja vinatosha. Mtu aishike pikipiki wima, magurudumu yote mawili yakiwa chini, mahali palipo sawa. Ning'iniza uzi ubavuni mwa keria, usogeze taratibu mpaka ile nati iangukie sawasawa na nati ya ekseli ya nyuma. Pale uzi unapogusa keria, piga alama ya chaki. Mzigo wowote ulio nyuma ya chaki hiyo unainua mbele ya pikipiki. Ulio mbele yake unabebwa na magurudumu yote mawili kwa kugawana. Hakuna siri nyingine katika kubeba mzigo kwa pikipiki iliyo kubwa kuliko hii, na inashangaza watu wanavyonunua keria bila kuijua.

Tupige hesabu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, pikipiki nyingi za boda zina takriban sentimeta 125. Chukua gunia la kahawa la kilo 60, uliweke juu ya keria ndefu hivi kwamba katikati ya gunia iko sentimeta 40 nyuma ya chaki. Zidisha 60 kwa 40, gawanya kwa 125, unapata kilo 19. Hizo ndizo kilo ulizoziondoa kwenye gurudumu la mbele. Hazikupotea, zimehamia nyuma: gunia lako la kilo 60 linaligandamiza gurudumu la nyuma kwa kilo 79. Ongeza la pili juu yake na mbele pamepungua kilo 38. Sasa dereva akamate breki ya mbele kwenye vumbi, gurudumu halina uzito wa kushika ardhi, linateleza. Huko nyuma nako spoki zinaanza kukatika na shokapu kuvuja, ukaambiwa umenunua vipuri feki. Huenda vipuri ni vizima kabisa.

Milimani ni hatari zaidi, na hili nawaambia hasa wanaopeleka pikipiki Sironko na Kapchorwa kuchukua vitunguu, matoke na kabeji. Mzigo uliopangwa juu huvutwa nyuma na mwinuko. Kama katikati ya mzigo iko mita moja kutoka chini, na barabara inapanda mita moja kwa kila mita kumi, ni sawa na kuusogeza mzigo sentimeta 10 nyuma bila wewe kugusa kamba. Dereva aliyefika salama tambarare anapinduliwa kwenye kilima kile kile anachokijua tangu utoto.

Kwa kipimo hicho cha chaki, hivi ndivyo ninavyozipanga.

Ya kwanza, na iko mbali sana na zinazofuata, ni keria ya ubavuni: fremu mbili za chuma zinazoshuka kulia na kushoto, kila moja ina sakafu yake chini, zimeunganishwa kwa juu na daraja linalopita nyuma ya kiti. Ndiyo wanayotumia watu wa maziwa. Kopo la lita 50 likijaa linapita kilo 50, na bado utawaona wakipishana na malori bila kuyumba, kwa sababu uzito uko chini, na katikati yake iko usawa wa ekseli au mbele kidogo. Jerikeni za lita 20 zinakaa vizuri humo, matoke pia, saruji pia mfuko huku mfuko kule.

Ukiagiza hiyo, simamia mambo haya kwa macho yako. Upande wa kulia kuna ekzosi. Jerikeni ya plastiki ikiigusa inayeyuka, gunia linaungua polepole huku unasafiri. Dai bati la kukinga joto, na liachwe nafasi ya vidole viwili kati yake na bomba. Upande wa kushoto kuna cheni. Sakafu ya fremu lazima iwe na ukingo, la sivyo mdomo wa gunia unamezwa na sproketi. Tazama na miguu ya fremu imefungwa wapi. Ikiwa juu imefungwa kwenye fremu ya pikipiki na chini imefungwa kwenye ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma, kataa. Mkono ule unapanda na kushuka kila tuta, fremu haipandi. Vitu viwili vinavyokwenda tofauti ukivifunga kwa chuma kimoja, chuma ndicho kitakachopasuka. Halafu pima upana. Keria ikitokeza kupita ncha za usukani, dereva atapenya kwa kichwa na mzigo ubaki umeng'ang'ania kioo cha lori. Kwa foleni ya malori tuliyonayo hapa mpakani hilo si jambo la kuwaza mara mbili.

Keria ya ubavuni haipendi mzigo wa upande mmoja. Ukipakia, pakia kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa. Stendi ya pembeni itazama udongoni na pikipiki ilale na mzigo wako.

Ya pili ni keria fupi inayoanzia kwenye nafasi ya abiria. Unapunguza kiti kikabaki cha dereva peke yake, kisha sakafu ya chuma inaanza nyuma ya mgongo wake na kuishia muda mfupi baada ya chaki. Hii ndiyo ninayowashauri wenye magunia ya mukene na mkaa, mizigo mikubwa kwa umbo kuliko uzito, ambayo haiingii ubavuni. Lakini ukishapunguza kiti huchukui tena abiria. Anayetaka asubuhi abebe wanafunzi na jioni abebe mkaa, hii si yake.

Hapa niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa Bajaj Boxer, ile ya 150. Najua wapenzi wa TVS HLX mtanikasirikia, na HLX ni pikipiki ya kazi, sina neno baya juu yake. Lakini Boxer ndiyo ninayoiamini chini ya mzigo. Injini ya sentimeta za ujazo 144.8 inavuta gunia mbili kilimani bila kulia, na shokapu za nyuma zina springi ndani ya springi, kwa hiyo mzigo ukizidi kuna kitu cha pili cha kuupokea. Kubwa zaidi, mafundi wanaijua kwa moyo. Fundi ninayempelekea kazi zangu ana vipimo vya Boxer vimechorwa kwa chaki ukutani. Hahangaiki kubahatisha bolti inaingia wapi. Na ukivunjikiwa na kitu kituo chochote cha biashara njiani, kipuri cha Boxer hakikosi. Ukinipa pesa leo ninunue pikipiki ya mzigo, sitazunguka maduka.

Ya tatu, krate au sanduku lililofungwa juu ya keria iliyokuja na pikipiki. Kwa mkate, mayai, samaki wabichi wenye barafu, simu na vipuri vidogo, inatosha. Angalia chaki, toboa tundu la kutolea maji ya barafu upande ambao hayaangukii cheni wala tairi, basi.

Mipira ya tyubu iliyokatwa na ubao mmoja ndiyo njia rahisi kuliko zote. Inafunga mzigo, haibebi mzigo. Inunue kama nyongeza.

Tukutuku ya mizigo, ile ya magurudumu matatu, naiweka ya nne kwa sababu ya bei tu, maana kwa kubeba haina mpinzani hapa. Wenye kikundi cha akiba wanaweza kuinunua pamoja na kupangiana siku. Trela ya kuvuta nyuma ya pikipiki mimi siipendi. Haina breki yake, na kwenye mteremko inaisukuma pikipiki kutoka nyuma wakati dereva anataka kusimama.

Ya mwisho kabisa, ambayo ningependa isiuzwe, ni ile keria ndefu ya nyuma inayotokeza kupita taa na namba. Ndiyo inayoning'inizwa mbele ya maduka kwa wingi. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Keria ndefu inatumia chuma kingi, kwa hiyo inauzwa ghali kuliko fupi, na muuzaji hana sababu ya kukuambia ukweli. "Mama, ndefu ndiyo yenye faida, unapakia gunia tatu," ndivyo kijana mmoja wa duka alivyoniambia, nami nimesimama na timazi yangu mkononi. Nikamwomba niipime kwenye pikipiki iliyokuwa mlangoni. Zaidi ya nusu ya keria ilikuwa nyuma ya chaki. Akanijibu kwamba wateja hawalalamiki. Hawalalamiki kwake. Wanakuja kulalamika kwetu, na hospitalini.

Tena zinapakwa rangi ya fedha nzito inayong'aa, eti ionekane imara. Ile niliyoipima niliikwaruza kwa ukucha kwenye pembe, pale mguu unapokutana na sakafu. Rangi ilitoka kama ganda la yai, na chini yake weldi ilikuwa vidoti vitatu vimeachana, katikati yake unaona mwanga. Bomba lenyewe lilikuwa zuri. Kiungo ndicho kilichoibiwa. Mtu atapakia magunia juu ya vidoti vitatu, kisha siku ikikatika aambiwe alizidisha mzigo.

Bei nazo haziandikwi popote. Unaulizwa kwanza unatoka wapi na unabeba nini, kisha ndipo bei inapozaliwa. Ukisema kahawa, imepanda. Hapa kwetu mpakani kuna na mchezo wa kukutajia shilingi bila kusema ni ya nchi ipi, ukishaitikia ndipo unaambiwa ni ya Kenya. Msimu wa mahindi ukianza kila kitu cha chuma kinapanda wiki moja, hata kile kilichokuwa kikipata kutu dukani tangu mwaka jana. Nawaelewa wanaosema chuma kimepanda bei. Siwaelewi wanaopandisha chuma walichokinunua zamani.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu msinunue iliyoning'inia. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, iwe hapa Busia, Mbale, au Katwe kule Kampala ambako kazi ya chuma imejaa mitaa mizima. Nenda na pikipiki yenyewe, usiende na jina lake. Piga chaki mbele yake na umwambie sakafu iishie wapi. Mwambie mguu wa keria ushike fremu kwa bolti yake wenyewe, usiegemee bolti ya juu ya shokapu peke yake, maana bolti ile ikipinda inaharibu na shokapu. Taa ya nyuma na namba vibaki vikionekana mzigo ukiwa juu. Vikizibwa, lori litakalokuja nyuma yako usiku halina la kuona, na trafiki naye atakuwa na la kusema.

Kuhusu malipo, toa nusu ya pesa mwanzo, na mkubaliane kwamba nusu ya pili utaitoa keria ikiwa bado haijapakwa rangi. Njoo uikague ikiwa uchi, pitisha kidole kwenye kila kiungo kuzunguka bomba lote, na upande wa chini pia, ambako ndiko mafundi wavivu hawafiki. Panda juu yake, rukaruka. Kisha pakia gunia moja, lolote alilonalo jirani, ushike usukani na usukume pikipiki ukiisikiliza mbele. Usukani ukiwa mzito kama kawaida yake, mlipe akapake rangi aitakayo.